Bwana Shamba wa Tandika

(Haya ni mazungumzo yaliyotangazwa redioni Jumapili iliyopita jioni. Tunayachapisha kwa faida ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.)

 Wiki hii nilikusudia kuzungumza nawe juu ya takataka za Mbagala, maana barua zenu juu ya jambo hilo ni nyingi na nyingine zina maneno makali. Barua hizo nitazijibu juma lijalo, Mungu akipenda. Leo naomba uniruhusu nimseme mtu mmoja ambaye wewe humjui, hakuwa mkubwa wa chama wala wa serikali, na picha yake haijapata kutoka gazetini hata siku moja. Mzee huyo tulimzika wiki tatu zilizopita. Ni baba yangu mzazi.

Siku ya mazishi mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, kwa sababu eti mimi ni mtu wa redio na maneno ni kazi yangu. Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akahamishwa, akastaafu. Ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na wanne. Wasifu ule ukiufuta jina na kuandika jingine, utamfaa marehemu yeyote aliyewahi kulipwa mshahara na serikali. Nilipomaliza kuusoma watu waliinamisha vichwa kwa heshima, nami nikarudi kukaa nikijua wazi kwamba sijasema kitu. Nusu saa baadaye alisimama kijana mmoja aliyetoka Gezaulole, tukamsikia akisema mambo ambayo sisi watoto wa marehemu hatukuyajua. Nitafika huko.

Baba alikuwa bwana shamba. Siku hizi wanaitwa maafisa ugani, na jina hilo lina heshima zake, lakini mtaani kwetu Tandika hakuna aliyemwita hivyo. Aliitwa Bwana Shamba na watu wazima, Bwana Shamba na watoto, na hata fundi aliyechonga jeneza aliniuliza, "Hili ni la Bwana Shamba?" Sisi wenyewe tuliitwa watoto wa Bwana Shamba, na mama akaitwa Mama Shamba, jina ambalo hakulipenda.

Alizaliwa mwaka 1945 huko Matombo, kwenye milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Wale wanaoijua historia ya nchi hii, wakisikia Matombo watakumbuka matuta. Waingereza waliona udongo wa milima ile unateremka na mvua kwenda kwenye mito, na hilo lilikuwa kweli. Wakaamuru kila mwenye shamba achimbe matuta ya ngazi, mlima mzima ugeuzwe ngazi. Watu walichimba kwa jasho. Kumbe ukichimba tuta la ngazi kwenye udongo mwembamba, unaufukia ule mweusi wa juu wenye rutuba na kuutoa nje ule mwekundu wa chini usioota kitu. Wakulima walisema, hawakusikilizwa. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakakataa, kukawa na fujo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango wote ukaachwa. Babu yangu alikuwa katika wale waliokataa. Baba alikuwa na miaka kumi, na alikuwa akitusimulia jinsi babu alivyorudi nyumbani siku ile bila kofia, akakaa jikoni hakusema neno mpaka usiku.

Sasa jambo hili limekuwa likinishangaza tangu nilipokuwa mtoto. Mtoto wa mtu aliyewakataa mabwana shamba, akaenda mwenyewe kuwa bwana shamba! Niliwahi kumwuliza. Akanijibu kwamba babu hakukataa kilimo, alikataa kuamriwa na mtu asiyeushika udongo kwa mkono. Alipata nafasi ya kwenda Ukiriguru, Mwanza, kwenye kituo kile kikubwa cha utafiti wa pamba, akasoma hapo miaka miwili, akatoka na cheti na kofia ya jua. Aliajiriwa mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Mwaka 1973, baada ya serikali kupeleka madaraka mikoani, akahamishiwa Dar es Salaam, upande wa Temeke.

Utaniuliza, bwana shamba wa nini Dar es Salaam? Ndugu yangu, Temeke ya wakati ule ilikuwa na vijiji kuliko mitaa. Ilishika hadi Kimbiji, hadi Kisarawe II, huko kote ambako tangu mwaka 2016 ni Wilaya ya Kigamboni. Kinondoni nayo ilikuwa na Goba, Bunju na Mbezi, ambako mtu aliyekuwa na nyumba alikuwa na mikorosho, na jirani yake alikuwa mbali. Mwenye kula mchicha Kariakoo hakujiuliza unatoka wapi. Ulitoka bonde la Msimbazi, na muhogo ulivuka maji kwa pantoni.

Baba naye alivuka kwa pantoni hiyo hiyo, kwa upande mwingine. Alipewa baiskeli aina ya Phoenix, nzito kama jiwe. Alfajiri aliondoka Tandika, akaendesha hadi Kivukoni, akavuka na baiskeli yake pamoja na wachuuzi wa samaki, akashika njia ya Mjimwema, Kibada, Gezaulole, na siku nyingine akalala Kimbiji kwa sababu jua lilimzamia. Nyuma ya baiskeli alifunga mfuko wa turubai. Ndani ya mfuko mlikuwa na daftari, panga, chupa ya chai, na kamba.

Kamba hiyo naomba niieleze kidogo. Ilikuwa ya katani, ndefu, na kila baada ya kipimo ilifungwa fundo. Unaikaza shambani kutoka kigingi hadi kigingi, na penye fundo unapanda. Muhogo mita moja kwa mita moja, mahindi kwa vipimo vyake, mistari inyooke kama ya gwaride. Jumapili kamba hiyo ilikuwa yetu. Mama aliianikia nguo uani, na dada zangu waliirukia mpaka baba anagundua kuna fundo limelegea, hapo moto unawaka. Nimekua nikiamini kwamba kilimo cha kisasa maana yake ni kamba.

Nanyi mnaokumbuka miaka ile mtakubaliana nami kwamba haikuwa miaka ya utani. Mwaka 1972 chama kilikutana Iringa kikatoa azimio la Siasa ni Kilimo. Baadaye ikaja operesheni ya kuhamia vijijini, na juu ya hapo mvua zikakataa kunyesha, mwaka 1973 na 1974. Nchi ikaagiza nafaka kutoka nje kwa fedha za kigeni ilizokuwa nazo kidogo. Mahindi ya njano ya Marekani yakafika, na watu wa mjini kwa utani wao wakauita unga wake "yanga". Msimu wa 1974 na 1975 likatoka agizo la Kilimo cha Kufa na Kupona. Kila kaya iwe na ekari yake, kila wilaya itoe takwimu. Redio nayo ikaingia kazini na kampeni ya Chakula ni Uhai, mwaka 1975, watu wakikusanyika chini ya miembe kusikiliza vipindi na kusoma vijitabu. Baba alibeba redio ya kikundi kwenye baiskeli, ameikumbatia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anaendesha. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Kuhusu nyumbani, baba alikuwa mtu wa ratiba. Mshahara ukitoka alikaa na mama mezani, wakagawa fedha kwenye bahasha: ada, unga, kodi, Matombo. Bahasha ya Matombo haikuguswa hata kama unga umekwisha, ilikuwa ya bibi yetu. Hakunywa pombe isipokuwa sikukuu. Alitupiga, sitaficha, lakini alitupiga kwa ratiba vilevile, ukijua kosa lako unajua na idadi. Jioni alitusomesha kwa taa ya chemli. Watoto wote watano tumesoma, na mmoja wetu, dada yangu wa tatu, alifika Chuo Kikuu cha Sokoine, akasomea kilimo kama baba. Siku aliyohitimu baba alivaa suti ya kijivu aliyoshonewa Kariakoo, mguu mmoja wa suruali ukiwa mfupi kuliko mwingine, akakaa safu ya mbele bila kualikwa kukaa hapo.

Sasa kulikuwa na jambo la Gezaulole.

Jina Gezaulole ni la Kizaramo, maana yake jaribu uone. Ni kijiji cha pwani, miongoni mwa vijiji vya ujamaa vya mwanzo mwanzo karibu na jiji. Baba alikuwa na vijiji vingi vya kutembelea, lakini sisi nyumbani tulikuja kugundua kwamba kila msafara wake lazima uishie Gezaulole. Akienda Kimbiji, alipita Gezaulole. Akienda Kibada, ambako ni karibu zaidi, alifika pia Gezaulole. Na hakwenda mikono mitupu. Kulikuwa na kilo ya sukari, kuna siku kitenge, na mara moja bati mbili zilifungwa kwenye ile Phoenix na kuvuka bahari.

Nyie watu wazima mmekwisha kuelewa mama alifikiri nini. Na si mama peke yake. Majirani walifikiri, na jirani mmoja, Mungu amrehemu, alikuja kabisa kumwambia: "Dada, mwanaume hapeleki bati mahali asipolala." Mama hakugombana. Miaka kadhaa alikaa na jambo hilo kifuani, anapika, anafua, anaanika nguo kwenye kamba. Mwaka 1981, siku moja ya Jumatano, akavaa kanga zake mpya, akatuambia anakwenda kumtazama mgonjwa Muhimbili, akaenda zake pantoni.

Haya aliyoyakuta ametueleza mwenyewe, tena baada ya miaka mingi, akicheka. Alifika Gezaulole mchana, akawauliza watoto nyumba anakofikia Bwana Shamba. Watoto wakamshika mkono wakampeleka. Akamkuta bibi kizee, kichwa cheupe, amekaa kwenye mkeka anamenya muhogo. Mama akamwamkia shikamoo. Bibi akaitikia, akamtazama kutoka miguuni hadi kichwani, akasema: "Karibu, mwanangu. Bila shaka wewe ndiye mke wa mtu wa kamba." Wakakaa wakazungumza habari za watoto na za maradhi ya miguu. Wakati wa kuondoka bibi akamfungia kisamvu. Jioni ile mama alikitwanga na kukipika kwa nazi, akamtengea baba. Baba akaonja, akauliza, "Kisamvu hiki cha wapi?" Mama akajibu, "Cha Gezaulole." Baba akaendelea kula. Hawakulizungumza tena jambo lile mpaka kifo kilipowatenganisha. Mama alitosheka kwamba hapakuwa na mwanamke mwenzake. Lakini kwa nini bati? Hilo hakuuliza, naye bibi hakulisema.

Miaka ya themanini niiseme kwa haraka, maana wengi mliiishi. Mshahara wa mtumishi ulifika mahali haumalizi wiki mbili. Mji mzima ukageuka shamba: wakubwa walifuga ng'ombe Oysterbay, walimu walifuga kuku madarasani karibu na nyumba zao, na sisi Tandika tulikuwa na kuku mia moja wa kisasa kwenye chumba kilichokuwa cha mpangaji. Baba akawa daktari wa kuku wa mtaa mzima bila kulipwa. Mwaka 1983 ilipokuja operesheni ya Nguvu Kazi, vijana wasio na kazi wakasombwa mjini kupelekwa vijijini wakalime, na yeye ni miongoni mwa waliotakiwa kuwapokea na kuwafundisha. Alikuwa akisema aliwafundisha kushika jembe asubuhi, na jioni akapanda nao pantoni moja kurudi mjini.

Ila jambo la dumuzi siwezi kulipita haraka. Dumuzi ni mdudu aliyetoka Amerika ya Kati, akaonekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya themanini, na kutoka hapo akasambaa nchi nzima. Wakulima walimpa jina la skania, kama yale malori makubwa, kwa jinsi anavyosomba. Mdudu huyo anapenda mahindi yaliyo kwenye gunzi. Na wakulima wetu tangu enzi za mababu waliyaweka mahindi yao hivyo hivyo na magunzi, juu ya kichanja, moshi wa jikoni ukiyapitia. Miezi michache ukishusha, unakuta unga na magunzi matupu. Wataalamu wakatoa ushauri: pukuchua mahindi yote, changanya na dawa ya unga gramu mia moja kwa gunia la kilo tisini, weka kwenye gunia au kihenge. Ushauri mzuri. Lakini kupukuchua magunia yote kwa mpigo baada ya mavuno ni kazi ya nani? Ni ya kina mama, ambao wana kazi nyingine kumi na mbili. Na magunia ni ya fedha, dawa ni ya fedha.

Hapa ndipo nilipomwona baba akifanya kazi kwa namna nisiyoitegemea. Nilikuwa kijana wa sekondari, nimefuatana naye likizo. Sikuona kamba. Hakuitisha mkutano. Alikwenda kwa yule bibi, akamwomba vichanja viwili, sikwambii amri, alimwomba. Kimoja mahindi yakabaki kwenye magunzi kama desturi, na kando yake yakawekwa magunia mawili yaliyopukuchuliwa na kutiwa dawa aliyoinunua yeye. Akaondoka. Miezi minne baadaye ndipo akawaita watu waje waangalie, na aliyewaonyesha hakuwa yeye, alikuwa bibi. Baba alisimama nyuma na baiskeli yake, anakunywa chai.

Nilimwona mwoga siku ile. Nilifikiri, mbona hasemi, yeye ndiye mtaalamu?

Alistaafu mwaka 2000. Kiinua mgongo kilichelewa, kikaja, kikaisha, kama vya wenzake. Lakini huko nyuma, mwaka 1985, alikuwa amenunua ekari mbili Kibada kwa mwenyeji mmoja, kwa hati ya karatasi ya daftari iliyoshuhudiwa na balozi wa nyumba kumi. Huko ndiko alikohamishia maisha. Akalima muhogo, akapanda mikorosho mitano akaipigia salfa dhidi ya ubwiriunga, akaweka kunde na mbaazi katikati ya muhogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulipokuja mradi wa serikali wa viwanja 20,000, Kibada na Gezaulole huku, Bunju na Mbweni kule Kinondoni, upimaji ulimpita kando kidogo. Alibaki na shamba lake, amezungukwa na kuta na mageti. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016 alisema limekuja amechelewa yeye, si lenyewe. Mwaka 2022 tuliona kwenye televisheni serikali ikigawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani. Alifurahi kweli kweli, akapiga makofi peke yake sebuleni. Halafu akauliza, "Mafuta nayo wamegawa?"

Sasa nirudi msibani.

Baada ya wasifu wangu ule mkavu, akasimama yule kijana niliyewatajia. Ni mjukuu wa yule bibi, na bibi mwenyewe alikwisha kufariki zamani. Alikuja na watu wa Gezaulole, wamejaa kwenye lori. Akasema hivi. Mwaka 1975, wakati wa ukaguzi wa ekari, bwana shamba alifika kwa bibi yake pamoja na viongozi, wakapima shamba kwa kamba. Bibi alikuwa na muhogo, tena wa kutosha, lakini uliochanganyika na kunde na maboga na mbaazi, haukuwa na mistari. Agizo lilisema ekari ya muhogo. Kwa kamba ile, muhogo wake haukufika ekari. Bwana shamba akaandika jina lake kwenye daftari. Bibi akatozwa faini, hakuwa nayo, akalala ndani siku mbili, mjane, na watoto wadogo nyumbani wanalia. Msimu ule mahindi ya mstari yalikauka, na shamba lililolisha jirani zake lilikuwa la yule mwanamke. Mwaka uliofuata, kijana akasema, bwana shamba alirudi peke yake bila viongozi. Akakaa kwenye kizingiti. Akamwambia bibi, "Nionyeshe unavyopanda." Bibi akamwacha akae pale mpaka jua likachwa, hakumwonyesha. Alirudi tena. Safari ya tatu ndipo akaonyeshwa.

Kijana alipomaliza alikaa. Mama alikuwa amefunikwa kanga, sikuona uso wake.

Usiku ule nilifungua madaftari ya baba, yale ya safari, ambayo kila bwana shamba alitakiwa kuyaandika. Sitaki kukudanganya, ndugu msikilizaji, kwamba niliona humo majuto. Mimi niliyatafuta, kwa sababu ningependa kuyasoma hapa hewani. Nilikuta tarehe, jina la kijiji, na vipimo: muhogo mita moja na nusu, katikati kunde mistari miwili, mbaazi pembeni, maboga hapa na pale. Kurasa tatu. Na nikakuta nakala ya ripoti yake ya mwaka ule ule kwenda kwa wakubwa wake. Ripoti inasema maagizo yametekelezwa na wakulima wamehamasika.

Hilo linanisumbua hadi leo. Alijua, na hakusema. Miaka ya baadaye wataalamu wenyewe walikuja kukiri kwamba kilimo cha mchanganyiko kina faida zake, kunde hurutubisha udongo, na mvua ikikosa, zao moja likifa jingine hubaki. Baba aliyaandika hayo mwaka 1976, kwa penseli, kwenye daftari ambalo halikusomwa na mtu. Alikuwa na watoto wadogo Tandika, na enzi zile bwana shamba aliyebishana na agizo alijua atapelekwa wapi. Namwelewa. Lakini yule mjane alilala ndani siku mbili, na aliyeandika jina lake alikuwa mtoto wa mtu aliyerudi bila kofia kutoka Matombo. Sijui kama baba aliliona hilo. Nafikiri aliliona siku ile ile, ndiyo maana ya bati.

Jumamosi iliyopita tulikaa kikao cha ukoo, pale Tandika. Mjomba alitoka Matombo. Ajenda ilikuwa moja, Kibada. Mnunuzi yupo, na bei anayotaja, baba hakuipata hata ukijumlisha mishahara yake yote tangu 1967. Kaka yangu mkubwa alitaka tuuze tugawane. Dada yangu wa kilimo alikataa, akasema kwa sauti ambayo sijapata kumsikia nayo. Mimi, na nalisema hili nikijua dada ananisikiliza, nilikuwa upande wa kuuza. Nina watoto wawili chuoni, na nyumba yangu haijapigwa lipu.

Mama alituacha tuseme mpaka tukachoka. Halafu akasema, "Muhogo ule baba yenu kaupanda Machi. Haujakomaa. Mbegu ya kunde ya yule bibi iko kwenye chupa na majivu, chini ya kitanda changu, sijui nani kati yenu anajua hilo. Kauzeni mkitaka, lakini muhogo uvunwe kwanza."

Ni muhogo wa Kiroba, unataka miezi tisa. Kaka alihesabu kwa vidole, mjomba akahesabu upya, ikaonekana ni Desemba. Kikao kimeahirishwa hadi Januari. Mimi nimepewa zamu ya kwenda kupalilia siku ya Jumamosi, na nilipokuwa naondoka nikachukua ile kamba ya baba niiweke kwangu kama kumbukumbu. Jana mama amepiga simu. Anataka nimrudishie, ana nguo za kuanika.

Juma lijalo ni takataka za Mbagala.